Kabla Hujanywa Dawa ya Kusafisha Ini

Ukitafuta ushahidi kwamba mlonge unalinda ini, utaupata. Ukitafuta wa manjano, tangawizi, habasoda, mwarobaini au choya, utaupata pia, tena tele. Mimea mingi ya dawa inayojulikana Afrika Mashariki na Bara Hindi imeshafikishwa maabara, ikalowekwa katika maji au spiriti, ikachujwa, na dondoo lake likanyweshwa panya waliotiliwa sumu ya ini. Majibu mara nyingi huwa ya kutia moyo. Kwa hiyo muuzaji wa stendi mwenye kipaza sauti, na yule wa dukani mwenye chupa za lebo nzuri, wanapokuambia kwamba dawa yao imethibitishwa na wanasayansi, huenda hawajakudanganya moja kwa moja.

Tunachopaswa kuuliza ni kipi hasa kilichothibitishwa, na kwa nani. Nauliza kwa uchungu, kwa sababu wanaonunua chupa hizo wengi wana sababu ya kweli ya kuhofia ini lao: fundi wa rangi anayevuta mvuke wa thina kutwa nzima, mgonjwa wa kifua kikuu aliye kwenye dozi, baba aliyekunywa gongo miaka mingi, mama aliyeambiwa kliniki kwamba ana homa ya ini B. Watu hawa hawastahili kubahatishiwa.

Tuanze na jaribio lenyewe. Mtafiti huchukua panya weupe na kuwagawa makundi. La kwanza hupewa maji tu. La pili hupewa kaboni tetrakloridi, kimiminika ambacho zamani kilitumika kusafishia nguo bila maji na kujazwa kwenye vizimamoto, kabla hakijaachwa kwa madhara yake. Makundi mengine hunyweshwa kwanza dondoo la mmea kwa siku kadhaa, kisha ndipo hupewa sumu. Baadaye damu hupimwa ALT na AST, vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli za ini na kumwagikia kwenye damu seli zinapopasuka. Panya waliokunywa dondoo wakionekana na ALT ya chini kuliko wenzao, mtafiti huandika kwamba mmea huo hulinda ini.

Angalia mpangilio wake: mmea ulitangulia, sumu ikafuata. Kwetu mambo huenda kinyume. Mtu huanza kunywa chupa yake macho yakishakuwa ya manjano, au baada ya miaka kumi ya pombe, na hapo jaribio la panya halina la kumwambia. Panya wale pia walikuwa wazima, wachanga, hawana virusi vya homa ya ini, hawatumii dawa nyingine yoyote, na waliumizwa kwa sumu moja inayojulikana kwa kipimo.

Namna sumu hiyo inavyofanya kazi inafaa kueleweka, maana humo ndimo faida na hatari ya mimea inamopatikana. Kaboni tetrakloridi hufanya madhara makubwa pale ini lenyewe linapoishughulikia. Ini lina kundi la vimeng'enya vyenye kazi ya kuvunja kemikali zinazoingia mwilini ili zitoke kwa mkojo au nyongo. Kimoja kati ya hivyo, CYP2E1, kikiivunja kaboni tetrakloridi hutoa chembe kali inayoshambulia mafuta ya kuta za seli. Kimeng'enya hichohicho ni miongoni mwa vile vinavyogeuza sehemu ya parasetamoli kuwa sumu unapozidisha vidonge. Ndugu zake ndio wanaoigeuza sumukuvu ya mahindi na karanga kuwa kitu kinachong'ang'ania DNA.

Basi mmea unaweza kulinda kwa njia mbili kubwa. Unaweza kuzima chembe kali baada ya kuzaliwa kwake, na hiyo ndiyo kazi ya antioksidanti zinazotajwa kila mahali. Au unaweza kukizuia kimeng'enya kisifanye kazi, na sumu isizaliwe kabisa. Njia hii ya pili humfaa panya. Kwako wewe unayemeza dawa nyingine ina gharama, kwa kuwa vimeng'enya vya ini ndivyo vinavyoamua muda ambao dawa zako hukaa mwilini. Ukivifunga, dawa hujikusanya. Ukivichochea, dawa hutoka kabla haijamaliza kazi.

Mfano ulio jikoni kwetu ni pilipili manga. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba piperini, kiini cha ukali wake, huongeza kurkumini ya manjano kwenye damu ya binadamu kwa takriban mara 20. Habari hiyo imeenea sana, na sasa watu huchanganya manjano na pilipili manga kwa makusudi, na viwanda huweka vyote viwili kwenye kidonge kimoja. Lisilosemwa ni kwamba piperini hupandisha pia fenitoini, dawa ya kifafa, na propranololi, dawa ya presha. Pilipili manga ya kwenye pilau siisemi. Nasema vidonge na unga unaomezwa kwa vijiko kila siku.

Kisha kuna kipimo. Katika majaribio haya panya mara nyingi hupewa miligramu 200 hadi 400 za dondoo kavu kwa kila kilo ya uzito. Huwezi kuzidisha kwa kilo zako moja kwa moja, maana mwili wa panya huchoma dawa upesi kuliko wetu. Wataalamu huigawanya dozi yake kwa 6.2. Chukua miligramu 400, gawanya hivyo, zidisha kwa mtu wa kilo 60, utapata karibu gramu 4 za dondoo kavu kwa siku. Ikiwa majani hutoa dondoo la sehemu moja ya kumi ya uzito wake, hizo ni gramu 40 za majani makavu kila siku. Kijiko cha chai cha unga wa mlonge kina gramu chache tu. Anayekunywa kijiko hajapata kile alichopata panya, na anayejilazimisha gramu 40 anajifanyia jaribio lisilo na msimamizi. Tena dondoo nyingi za maabara hutolewa kwa ethanoli au methanoli, ambazo huvuta vitu visivyotoka kwenye maji. Kurkumini haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo manjano yaliyochemshwa na kuchujwa hayafanani na kidonge cha manjano hata kidogo.

Je, kwa binadamu mimea imeonyesha nini? Inayosifiwa kuliko yote ni silimarini, dondoo la mbegu za mbigili wa maziwa, mmea wa nchi za Mediterania. Watafiti wengi huitumia kama kipimo cha kulinganishia mimea mingine. Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha wagonjwa 154 wa homa ya ini C ambao matibabu ya wakati huo yalikuwa yameshindwa kuwaponya. Baadhi walipewa silimarini kwa dozi kubwa, mara tatu kwa siku, kwa wiki 24. Wengine walipewa vidonge vitupu. Silimarini haikushusha ALT kuliko vidonge vitupu. Kabla ya hapo, mwaka 1988, madaktari wa Madras nchini India waliushangaza ulimwengu kwa mmea mdogo uitwao Phyllanthus amarus, ambao huota wenyewe kama magugu hata kwenye bustani za pwani yetu. Kati ya watu 37 wenye virusi vya homa ya ini B waliopewa mmea huo, 22 hawakuonekana tena na alama ya virusi kwenye damu, wakati kwa waliopewa kidonge kitupu ni mmoja tu kati ya 23. Majaribio yaliyofuata kwingineko hayakuyapata tena matokeo hayo.

Yapo mawili yanayonifanya niiheshimu sana mimea. Huko Ulaya, mtu aliyekula uyoga wa sumu kali wa Amanita phalloides huweza kutundikiwa hospitalini dripu ya silibinini, kiini cha silimarini, kwa sababu huzuia sumu ya uyoga isiingie kwenye seli za ini. La pili ni la Qidong, China, eneo ambalo saratani ya ini iliwaandama watu kwa ajili ya sumukuvu kwenye chakula. Watafiti waliwapa watu klorofilini, inayotengenezwa kutokana na rangi ya kijani ya majani, miligramu 100 pamoja na kila mlo, kwa miezi minne. Jaribio lilikuwa na watu 180, na matokeo yalichapishwa mwaka 2001: alama za DNA iliyoumizwa na sumukuvu kwenye mkojo zilipungua kwa asilimia 55 ukilinganisha na wale waliomeza vidonge vitupu. Inaaminika kwamba klorofilini huishika sumu tumboni kabla haijafika kwenye ini. Katika visa vyote viwili sumu ilijulikana, mmea ulipimwa, na njia yake ya kufanya kazi ilieleweka. Hayo ndiyo ninayoyadai kwa chupa yoyote.

Kisha iko kahawa, na hapa naomba nikae kidogo, kwani watu hushangaa nikiitaja. Kahawa ni dondoo la mmea kwa maana kamili: mbegu zimekaangwa, zikatwangwa, zikatiwa maji ya moto. Mwaka 2006 watafiti wa California waliofuatilia watu zaidi ya 125,000 walieleza kwamba waliokunywa vikombe vinne au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kupata sirosisi ya pombe iliyo ndogo kwa takriban asilimia 80 kuliko wasiokunywa kahawa. Mwaka 2016 uchambuzi wa tafiti kadhaa ulikadiria kwamba kuongeza vikombe viwili kwa siku kunaendana na kupungua kwa hatari ya sirosisi kwa asilimia 44. Ni tafiti za kufuatilia watu, hazikuwagawa kwa kura, hivyo hazithibitishi kwamba kahawa ndiyo iliyofanya kazi yote. Lakini matokeo yanafanana nchi baada ya nchi, na hakuna chupa ya stendi yenye ushahidi wa binadamu unaokaribia huo. Anayependa kahawa chungu ya vikombe vidogo, ya wauzaji wa Mombasa, Unguja au Kariakoo, aendelee nayo bila sukari nyingi. Mwenye lehemu nyingi aichuje kwa karatasi. Mjamzito apunguze. Na anayekunywa pombe asiitumie kahawa kama kibali, kwa maana hao wa California waliopata sirosisi ya pombe waliipata kwa pombe.

Sasa upande wa pili, ambao matangazo huuruka. Mmea uliolinda ini la panya unaweza kuliumiza la mtu. Mwaka 2022 mtandao wa madaktari wa Marekani unaofuatilia maini yaliyoharibiwa na dawa ulieleza wagonjwa 10 walioumizwa na vidonge vya manjano, na mmoja wao alifariki kwa ini kushindwa kufanya kazi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya mwaka 2018 kwamba vidonge vya chai ya kijani vinavyotoa miligramu 800 au zaidi kwa siku za EGCG, kiungo chake kikuu, huendana na kupanda kwa vimeng'enya vya ini kwenye damu. Kikombe cha chai ya kijani ni kitu kingine kabisa. Kadiri unavyokikoleza kitu ndivyo unavyokitoa kwenye chakula na kukiingiza kwenye dawa, na dawa zote zina kiwango cha kuumiza.

Ipo pia mimea ambayo haina mjadala. Huko KwaZulu-Natal, mzizi uitwao impila, unaotumiwa sana katika tiba za Kizulu, umeua watoto na watu wazima kwa kuharibu ini na figo. Mimea yenye alkaloidi za pirolizidini, wakiwemo jamaa wengi wa marejea, huziba mishipa midogo ya ini. Nchini Afghanistan katika miaka ya 1970 magugu ya aina hiyo yaliyochanganyika na ngano yaliumiza watu wapatao 1,600 kati ya 7,200 waliochunguzwa. Na miraa, ambayo wengi wetu huihesabu kuwa ya kuchangamsha tu, ilihusishwa na ugonjwa sugu wa ini katika utafiti wa hospitali uliofanyika Harar, Ethiopia, na kuchapishwa mwaka 2018.

Tunayo pia kumbukumbu yetu wenyewe. Mwaka 2011 umati ulimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Mti wake, mugariga, ni wa jamii ya Carissa, na mizizi ya Carissa imewahi kupimwa kwa panya waliopewa kaboni tetrakloridi na parasetamoli, ikaonekana kuwalinda. Hilo halikuwasaidia wagonjwa walioacha dawa za kufubaza VVU baada ya kunywa. Kwa hiyo kwa wote walio kwenye dozi ya kifua kikuu au ya VVU nasema wazi: msiache dawa ili "kulipumzisha ini" kwa mitishamba, na msiongeze mitishamba bila kumweleza daktari. Dawa za kifua kikuu kama isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi kweli zinaweza kuumiza ini, na daktari anajua namna ya kulipima na kubadilisha dawa inapobidi.

Kwa nyumba nyingi, ulinzi wenye nguvu hauna jani lolote. Anza na parasetamoli. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na mnywaji wa pombe au aliyedhoofu kwa njaa apunguze zaidi kwa ushauri wa mfamasia. Soma pakiti za dawa za mafua, kwa kuwa nyingi zina parasetamoli ndani yake, na mtu huzimeza juu ya vidonge vyake vya kichwa bila kujua. Aliyezidisha, hata akijisikia mzima, akimbizwe hospitalini siku hiyohiyo. Dawa ya kuzuia madhara, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8, na siku ya kwanza mgonjwa huweza kuonekana hana shida yoyote huku ini likiendelea kuumia.

Kwa fundi wa rangi, wa gereji na mnyunyizaji wa dawa shambani: fungua milango, nawa mikono kabla ya kula, usinyonye petroli kwa mdomo, usipulizie ukiutazama upepo. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, inatakiwa yenye kichujio cha mkaa. Kopo la dawa ya wadudu lisitumike kuchotea maji kamwe, hata likioshwa.

Sumukuvu nayo ni kemikali ya ini, na inatuua. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya waliugua watu 317 na kufa 125. Mwaka 2016 Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua 68 na kufa 20. Kupika kwa kawaida hakuiondoi. Anika mahindi juu ya turubai wala si kwenye udongo, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13. Asiye na mashine ya kupimia achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi kiasi na chumvi kavu, atikise, asubiri dakika 15: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kuota ukungu zitupwe, wala zisipelekwe kusagwa, maana unga huficha. Na kwa kuwa sumukuvu na virusi vya homa ya ini B vikikutana katika mwili mmoja huongeza sana hatari ya saratani, pima, na kama huna virusi, chanjwa. Hapo ndipo fedha ya chupa ingefanya kazi kubwa kuliko popote.

Ukiamua kutumia mitishamba baada ya yote hayo, siwezi kukukataza, wala siwadharau waganga wetu. Mwendee aliyesajiliwa na mamlaka ya nchi yako, ambayo kwa Tanzania ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na umuulize kwa adabu: "Shikamoo mzee. Huu ni mti gani, na ni mizizi, magome au majani? Umeutibia watu wa aina gani? Kuna uliyemwona ukimdhuru?" Mganga mwema hatachukia. Ukijibiwa kwamba ni siri ya ukoo, rudi nyumbani na fedha yako. Tumia mmea mmoja kwa wakati mmoja, kwani chupa ya mchanganyiko wa miti saba ikikudhuru hakuna atakayejua ni upi. Pima ALT na bilirubini kabla ya kuanza na tena baada ya wiki nne hivi. ALT kwenye maabara nyingi huanza kuhesabiwa kuwa juu ikipita takriban 40. Ikifika mara tatu ya hapo, acha, hata kama unajisikia vizuri.

Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, macho yakiwa ya manjano, mwili ukiwasha bila vipele, hamu ya chakula ikikata na kichefuchefu kikishika, acha mmea siku hiyo na uende hospitali. Mgonjwa akianza kuchanganya maneno, kulala mchana kutwa au kutoka damu kwa urahisi, hilo ni la dharura. Beba chupa yenyewe, na kilichobaki ndani yake, na vidonge vyote unavyotumia, umwekee daktari mezani. Wengi huficha kwa kuogopa kukaripiwa, na daktari huhangaika siku nzima kutafuta kisababishi kilichobaki nyumbani chini ya kitanda.

Daktari nami namwomba asimkaripie.